Mifano Ifungue Fikra

Tarehe 3 Desemba, 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafukia sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka.

Je, mwalimu wa Hanang au Mbulu amfahamishe vipi mtoto jambo hilo? Akiandika ubaoni maana ya maporomoko, mtoto ataikariri, na baada ya mtihani ataisahau. Lakini akichovya kipande cha mkate katika chai mbele ya darasa, wote wataona: kwa nje kingali kizima, kumbe ndani kimekwisha lowa, mara humeguka.

Mfano huo usiwe mwisho wa somo. Mwalimu na aulize: mlima wafanana wapi na mkate, na wapi haufanani? Kisha kila mtoto alete mfano wake. Wa Mbulu atataja tuta la shamba la mteremkoni. Wa Pemba, ukuta wa udongo uliolowa masika. Hapo ndipo fikra huzaa.

Mitaala iliyoboreshwa ya Bara, iliyoanza kutumika mwaka 2024, yasisitiza umahiri. Basi wakuu wa elimu, Bara na Visiwani, wahakikishe kuwa mitihani nayo inampima anayefikiri, si anayekariri tu. Mtoto aliyezoea kukitazama kilima cha nyuma ya kwao na kujiuliza chafanana na nini, ndiye atakayetambua mapema kinapobadilika.