Kumpumzisha Farasi Si Uvivu

Wako watu wasemao kwamba katika mashindano ya farasi ya masafa marefu, saa ya mapumziko ni saa iliyotupwa. Kwao, mpandaji hodari ni yule asiyeshuka tandikoni. Msomaji, usiyasadiki maneno hayo. Yana sauti ya ushujaa, lakini ndani yake mna ukatili.

Mwaka 1892 maofisa wa majeshi ya Ujerumani na Austria-Hungaria walishindana kwa farasi baina ya Berlin na Vienna, mwendo wa kilomita zipatazo 580. Mshindi alitumia saa 71 na dakika kadhaa. Yeye alipata sifa na fedha. Farasi aliyembeba alipata mauti, na wengine wengi walikufa pamoja naye. Je, ushindi huo ulikuwa wa nani?

Sasa tazama njia iliyo bora. Huko California, Marekani, mashindano ya Tevis Cup yalianza mwaka 1955: maili 100 za milima na mabonde, kwa muda usiozidi saa 24. Njiani kila farasi hana budi kupumzishwa saa nzima mara mbili, na madaktari wa wanyama humkagua. Aliye dhaifu huondolewa, hata akiwa wa kwanza. Tena, tangu mwaka 1964 hutolewa kikombe kwa farasi mwenye hali njema kupita wenzake miongoni mwa 10 waliotangulia kufika.

Utaratibu huo si upole mtupu, ni elimu. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Katika mashindano ya kimataifa, mapigo yake yasiposhuka hadi 64 kwa wakati uliowekwa, safari yake imekwisha. Katika joto aweza kutoka jasho lita 10 au zaidi kwa saa. Asiponyweshwa na kupozwa, nguvu zake zatoka wapi?

Labda utasema, "Farasi akichoka atasimama mwenyewe." La, hasha! Farasi ni mnyama wa kundi; akiwaona wenzake wakienda mbio, naye hufuata hata kwa madhara yake. Hana ulimi wa kusema, "Nimechoka." Kwa hiyo akili ya kusimama ni wajibu wa mshika hatamu.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nawe, siku utakapopewa hatamu ya kiumbe yeyote, usihesabu mwendo wako tu. Hesabu na pumzi za akubebaye.