Yasmin si Fisi

Methali zetu humhukumu anayependa wawili kabla hajafungua kinywa kujitetea. Mshika mbili moja humponyoka. Njia mbili zilimshinda fisi. Katika semina zetu za fasihi, hukumu hiyo hiyo humwangukia Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Na tangu filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imrudishe midomoni mwetu, nimeisikia tena: alimpenda Denge, kisha akaolewa na Bukheti, basi ni msaliti.

Nathubutu kupinga. Fisi wa methali aliponzwa na ulafi. Yasmin ana ulafi gani? Angali msichana mbichi aliozwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno, na kumkimbia kulimfarakanisha na jamaa zake. Alipopata hifadhi Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, hakuwa na kitu cha kuchezea. Denge alimfungulia dunia asiyoijua, dunia ya siasa na ya kumkataa mkoloni. Lakini Denge alikuwa mtu wa kuwindwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa nyayoni mwake, na mtu wa namna hiyo, hata akupende vipi, hawezi kukuahidi kesho. Bukheti aliweza. Wahakiki wetu humwita mmoja ukombozi na mwingine utulivu, kana kwamba mwanamke huolewa na dhana. (Nami niliandika hivyo katika insha ya mwaka wa pili, na alama nikapata.)

Nakiri kwamba suala hili linanigusa. Niliwahi kupendwa na wawili, nami nikawapenda. Mmoja alikuwa mwanaharakati wa chuoni; hapakuwa na mgomo uliofanyika asiwe mstari wa mbele. Mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama alipougua, alifika nyumbani na mkungu wa ndizi, akakaa naye hadi magharibi akimsimulia habari za wanafunzi wake. Kwa yule wa kwanza nilikesha nikiwaza. Kwa huyu nililala usingizi. Marafiki waliniuliza nampenda yupi zaidi. Sikuwa na jibu, wala sidhani hilo ndilo lililokuwa swali. Nililojiuliza usiku ni hili: nikiishi na huyu nitakuwa mtu gani, na nikiishi na yule je?

Vuta n'kuvute ni hali ya kamba iliyoshikwa ncha zote mbili. Katika madarasa yetu tumewachambua wavutaji hadi tukachoka, lakini ni nadra kumsikia mtu akiiulizia kamba yenyewe.

Nilimchagua mwalimu. Jina la yule mwingine likitajwa gazetini, bado nalisoma mara mbili. Anayetaka kuniita fisi na aniite, ila anionyeshe kwanza mfupa niliokuwa nikiukimbilia.