Taji si Malipo ya Jasho



Juma hili tunapenda kuitafakari filamu moja ya katuni ambayo wazazi huwaonyesha watoto wao wakiamini kuwa inafundisha bidii. Ni The Princess and the Frog, iliyotolewa na Disney mwaka 2009. Imesifiwa, na kwa haki, kwa kuwa Tiana, mhusika wake mkuu, ndiye binti mfalme mweusi wa kwanza katika filamu za kampuni hiyo. Tena si msichana wa kukaa dirishani akimngoja mwana wa mfalme. Ni mhudumu wa mgahawa mjini New Orleans, Marekani, katika miaka ya 1920, anayeweka akiba ya bakshishi zake makoponi ili anunue kiwanda kikuukuu cha sukari na kukigeuza mgahawa, kama alivyoota marehemu baba yake.

Hata hivyo, twathubutu kusema kwamba filamu hii humsifu mfanyakazi kwa maneno na kumnyima haki yake kwa matendo.

Tuanze na fedha. Tiana anajinyima usingizi kwa miaka, na akiba bado haitoshi. Charlotte, binti wa tajiri ambaye mama yake Tiana humshonea magauni, anachomoa noti za baba yake kulipia maandazi 500 ya karamu, na kwa dakika moja pengo linazibika. Ndipo wauzaji wa kiwanda wanapomgeuka: amepatikana mnunuzi wa bei ya juu zaidi, na kwa mwanamke wa asili yake, wasema, ni heri iwe hivyo. Jinsia, rangi na umaskini wake vimefungwa katika kauli moja. Tukumbuke kwamba katika mji huo ubaguzi ulikuwa sheria. Kesi ya Plessy ya mwaka 1896, ambayo kwayo Mahakama Kuu ya Marekani iliuhalalisha, ilianzia New Orleans. Filamu inaligusa jambo hilo kwa ncha ya kidole, kisha inakimbilia kinamasini.

Na huko kinamasini anakemewa nani? Si wauzaji wale. Ni Tiana! Mama Odie anamtaka atambue kwamba anachokitaka si anachokihitaji, na hatimaye Tiana mwenyewe anakiri kuwa baba yake alikufa bila mgahawa lakini alikuwa na upendo. Upendo ni jambo kuu, hatubishani. Twauliza tu: mbona somo hili hupewa maskini peke yake? Mbona tajiri yule haambiwi agawe jumba lake kwa kuwa upendo wamtosha? Naye Naveen, mwana wa mfalme aliyekuwa mvivu hata wazazi wakamkatia fedha, akijifunza kukatakata uyoga twampigia makofi. Mwanamke aliyefanya kazi tangu ujana analaumiwa kwa kuzidisha. Mwanamume asiyeijua kazi anasifiwa kwa kuanza.

Tazameni na mwisho wake. Tiana aligeuka chura kwa sababu alimbusu Naveen ilhali hakuwa binti mfalme. Gauni la kuazima na taji la karamu vilikuwa vimemdanganya kijana. Anarudia umbo la binadamu anapoolewa na kupata cheo cha mume. Nao wauzaji wanakubali makopo yaleyale ya akiba baada ya kumwona mamba, rafiki yake, akitoa meno. Basi cheo kimemrudishia utu, na vitisho vimempatia mali. Haki haikuwa na sehemu.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kwamba kivuli hicho ni cha taji la mume.

Wazazi wapendwa, hatuwaambii muifiche filamu hii. Itazameni pamoja na watoto, wa kiume na wa kike, kisha waulizeni: kama Tiana asingepata mume mwenye taji wala rafiki mwenye meno, mgahawa ungekuwa wa nani? Msiwaharakishe kujibu.