Bunduki ya shabaha ya bei ndogo: Lubumbashi ianzie kwa ile ya hewa

LUBUMBASHI – Mtu anayetaka kujifunza kulenga shabaha ya mbali, na makuta yake ni machache, mara nyingi huambiwa anunue bunduki ya kalibre ndogo, ile ya .22. Shauri hilo lina maana. Risasi yake ina uzito wa gramu 2.6 hivi, bei yake ni ndogo kuliko ya risasi za bunduki kubwa, na haipigi bega. Tena inafundisha. Inaenda polepole, mita karibu 330 kwa sekunde, basi bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 itapiga zaidi ya mita moja chini ya alama ikiwa shabaha iko mita 200. Hata upepo mdogo unaisukuma pembeni. Anayeiweza risasi hiyo ameshajifunza kazi.

Lakini hapa Lubumbashi hesabu haiishii dukani. Risasi hiyo ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Katuba, Kenya au Ruashi, ni wapi pana kilomita moja bila nyumba? Hata huko komini Annexe, palipoonekana pori, kuna mama analima na mtoto anatafuta kuni. Mwenye kulenga mita 200 anahitaji uwanja, ukuta mrefu wa udongo nyuma ya shabaha, na walinzi. Gharama hiyo inapita bei ya bunduki yenyewe. Pia kuna sheria: tangu tarehe 3 Septemba 1985, ordonansi-sheria namba 85-035 inataka ruhusa ya serikali kwa mwenye kushika silaha.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye fakitire: mlio. Mji huu unakumbuka tarehe 23 Machi 2013, Bakata Katanga walipoingia mjini, na tarehe 14 Februari 2021, kambi za Kimbembe na Kibati ziliposhambuliwa. Kuna familia zilizokimbia Mitwaba na Pweto, na nyingine zilizotoka Kivu baada ya Goma kuanguka Januari 2025. Mama aliyekimbia na watoto usiku hawezi kujua kama mlio wa mchana ni mchezo. Yeye anakusanya watoto kwanza, maswali baadaye. Katanga imeshatumia nguvu nyingi kupunguza bunduki: miaka ya 2000, PAREC ya mchungaji Daniel Ngoy Mulunda ilikuwa inampa baiskeli aliyerudisha silaha. Mchezo usije ukarudisha woga ule.

Kwa hiyo chaguo la bei ndogo kweli ni bunduki ya hewa ya milimita 4.5, inayolengwa kwa mita 10 ndani ya sala. Haina baruti wala mlipuko. Wengine watasema ni ya watoto. Hapana: katika mashindano ya Olimpiki, alama ya pointi 10 ni nukta ya nusu milimita. Mwaka 2024, msichana wa Korea Kusini, Ban Hyo-jin, aliipatia medali ya dhahabu akiwa na miaka 16. Pumzi, kidole na utulivu anavyojifunza mtu kwa mita 10 ndivyo atakavyovihitaji kwa mita 200.

Kila kijana asinunue yake. Klabu moja inunue bunduki moja au mbili nzuri, zenye tundu la kulengea badala ya darubini ya bei kali. Ichague aina moja ya vidonge vya risasi na isiibadilishe ovyo, maana kila mtutu una kidonge unachokipenda. Makuta yanayobaki yaende kwa sanduku la chuma la kupokea vidonge, miwani ya kulinda macho, na kabati la kufuli. Bunduki ya hewa nayo inatoboa jicho; isirudi nyumbani na mtu yeyote. Ruhusa iombwe mbele ya kununua, na shefu wa kartie aelezwe.

Siku mji utakapokuwa na uwanja wenye ukuta na walinzi, .22 itakuja na kukuta vijana wameshafundishwa. Mbele ya siku hiyo, kuinunua ni kumlipisha jirani woga kwa ajili ya starehe ya mtu mmoja.