Radi Ina Saa Zake, Tusiseme Imetuvizia

Na Akinyi Odera

Jumamosi iliyopita ilianza vizuri hapa Rongo. Jua lilichomoza mapema, nguo zikaanikwa, magodoro yakatolewa nje, na watoto wa jirani wakaja kucheza mpira na wangu. Kufikia saa nane joto lilikuwa limetulemea. Saa tisa u nusu wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Kisii, upepo ukabadilika ghafla, na ngurumo ya kwanza ikasikika. Tulianua vitu mbio mbio na kuwaita watoto ndani. Mvua ya mawe na radi zilishuka upande wa Awendo, sisi tukapata rasharasha na baridi tu.

Kila mkazi wa Migori na Homa Bay ameishi siku kama hiyo, na haiji kwa bahati nasibu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu huvutwa kutoka ziwani, hukutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Kisii, hupanda kwa kasi, na alasiri mawingu ya radi hutanda. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, hewa huelekea ziwani, na dhoruba huzuka juu ya maji hadi alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa omena wa Sori, Muhuru, Mbita na Mfangano wako majini na taa zao.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limekuwa likitaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kila mwaka katika ziwa hili tunaloligawana na Uganda na Tanzania, vingi vikihusishwa na upepo mkali na mawimbi. Jambo linalojulikana saa zake na mahali pake halipaswi kuua watu kwa kiasi hicho. Kusema ni mapenzi ya Mungu, au kwamba kuna jirani aliyeituma radi, ni kuwaondolea lawama wanaostahili kuulizwa.

Tukisikia ngurumo huambiwa tuingie ndani. Ni ushauri mwema, lakini unadhani kila nyumba ni salama. Nyumba ya matofali yenye nyaya za umeme na mabomba hulinda kwa sababu nguvu ya radi hupata njia ya kushuka ardhini. Nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, isiyo na waya wala bomba, haina njia hiyo, na radi ikiipiga huweza kuwarukia waliomo. Hizo ndizo nyumba za wengi wetu kutoka Nyatike hadi Ndhiwa. Mama anayewakumbatia wanawe ndani ya nyumba kama hiyo ametii ushauri, na bado yuko hatarini.

Madarasa nayo ni vivyo hivyo. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Walikuwa shuleni, mahali ambapo mzazi huamini mtoto wake yuko salama. Baadaye shule hiyo ilifungiwa vifaa vya kuipeleka radi ardhini. Sisi tusisubiri maziko ndipo tufunge vyetu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti kazi ya kukabiliana na majanga. Shule za chekechea, zahanati na masoko viko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo zianze na majengo hayo: kila soko na kila chekechea iwe na jengo moja lenye kinga ya radi, ambamo jirani mwenye nyumba ya udongo anaweza kukimbilia. Serikali ya kitaifa ifanye hivyo katika shule za msingi.

Ziwani, Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, na kila kaunti ina mkurugenzi wake. Utabiri huo umfikie mvuvi kabla hajasukuma mashua, kwa Dholuo na Kiswahili, kupitia redio na viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, na bendera ipandishwe ufuoni jioni ili hata asiye na simu aone. Maboya ya kujiokoa yawe ya kila aliyemo chomboni, wala yasiachwe kwa mwenye mashua kuamua.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla yake kaunti hutualika tutoe maoni kuhusu bajeti. Mara nyingi tunadai barabara, nasi tuna haki. Safari hii, msomaji wangu wa Oyugis, Kendu Bay, Migori mjini au Kehancha, simama katika kikao hicho umuulize mwakilishi wadi wako ni jengo lipi litakalofungiwa kinga ya radi mwaka huu, na ni kwa shilingi ngapi. Usikae kabla jibu halijaandikwa.