MMAREKANI ANAPIMIWA SAHANI, SISI WA KARIAKOO JE?

Ndugu msomaji, pita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo Jumamosi yoyote ujionee. Sahani za udongo zimepangwa hadi kiunoni, vikombe vya maua mekundu, mabakuli ya ukingo wa dhahabu, na kina mama wa kamati ya kicheni pati wanabishania bei ya seti ya bibi harusi. Wanaigonga sahani kwa kucha wasikie kama ina ufa. Wanaitazama inavyong'aa. Wanalipa, wanakwenda zao. Hakuna anayeuliza kilichomo ndani ya ule mng'aro, na wala si kosa lao. Kupima sumu si kazi ya mama mwenye kikapu. Ni kazi ya Serikali.

Mng'aro wa sahani ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo ndani ya tanuru. Viwanda vingine huchanganya madini ya risasi ili kioo hicho kiyeyuke kwa moto mdogo na kung'aa zaidi. Rangi kali za wekundu na manjano nazo huweza kuwa na kadimiamu. Chombo kikichomwa sawasawa, sumu hiyo hubaki imefungwa humo humo. Kikichomwa ovyo, limau, siki, ukwaju na nyanya huichomoa kidogo kidogo, ikaingia kwenye kachumbari na kwenye chai ya limau. Huioni wala huisikii harufu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo huifyonza mara 4 hadi 5 kumshinda mtu mzima. Inachoharibu ni ubongo wake.

Sasa sikiliza. Marekani ililijua hili, ikaketi na China wakaandikiana makubaliano: vyombo vya mezani vinavyokwenda Marekani vitoke kwenye viwanda vilivyokaguliwa na kuthibitishwa na Serikali ya China yenyewe. Ulaya nayo iliweka sheria yake mwaka 1984. Kikombe kinajazwa asidi ya siki ya asilimia 4, kinaachwa saa 24, kisha kile kimiminika kinapimwa. Risasi ikizidi miligramu 4 kwa lita, mzigo hauingii. Siki, siku moja na maabara, basi! Hivi nchi huru inashindwa na siki?

Wakubwa watatujibu kwamba tunayo TBS tangu 1975, kwamba tangu 2012 bidhaa zinakaguliwa huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini, na kwamba mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA ukapelekwa TBS. Tunakubali, hayo yote yapo. Lakini cheti cha mzigo kinalala kwenye faili la mwagizaji. Wafanyabiashara wadogo wanaokwenda Guangzhou na Yiwu hujaza kontena moja kwa kuchangiana, kila mmoja na katoni zake, kila katoni na tanuru lake. Mama wa Mtaa wa Kongo anayeishika ile sahani mkononi atajuaje kama ndiyo iliyopimwa?

Na asije mtu akatuambia hatuwezi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, watu hawakulala. Viwanda vya Mwanza vilikaguliwa, samaki wakapimwa, na leo ipo maabara ya samaki pale Nyegezi. Kumbe kwa mdomo wa mgeni tunaweza! Mdomo wa mtoto wa Buguruni una kasoro gani?

Tena wanaodhani hili ni jambo la walaji peke yao watazame vilima vya Pugu, hatua chache tu kutoka jijini. Pale pana kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo hivi hivi. Siku tutakapotaka kuuza nje sahani za Pugu, mnunuzi ataomba cheti cha risasi na kadimiamu. Nchi isiyowaonyesha watu wake vipimo vya sahani wanazolia, cheti chake nani atakiamini? Hisani huanzia nyumbani, na upimaji nao vivyo hivyo.

Tunachodai hakihitaji tume wala semina ya posho. Kwanza, kila katoni iandikwe jina la kiwanda na namba ya cheti kwa Kiswahili kinachosomeka. Pili, TBS wanunue sahani Kariakoo kama mteja wa kawaida, wazipime, na matokeo yabandikwe sokoni na yatangazwe redioni, mazuri kwa mabaya. Tatu, mzigo mbovu ukamatwe bandarini na kwenye ghala la mwagizaji.

Tunasisitiza hilo la tatu kwa sababu tunawajua. Mwaka 2021 nguvu ya kuwaondoa Wamachinga barabarani ilipatikana bila shida. Isije kesho sahani ikawa kisingizio kipya cha mgambo kupindua meza ya kijana aliyekopa mtaji, huku mwenye kontena akinywa chai ofisini. Kijana huyo naye anakula kwenye sahani hizo hizo, na wanawe pia.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. TBS, wananchi wa Kariakoo wanasubiri majibu ya siki.