Kivuli cha Adhuhuri: Jibu kwa Mama wa Kisumu

Wiki hii safu yetu ya malezi itashughulika na barua moja tu, kwani naona iliyomo ndani yake inazihusu nyumba nyingi, za Pwani na za bara.

Mwandishi wa barua ni mama mzaliwa wa Mombasa ambaye ndoa ilimpeleka Kisumu, naye ameomba jina lake lisitajwe. Ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Jumapili moja mtoto huyo alikuwa akizungumza kwa simu na nyanyake aliyeko Mombasa, mara akaisikia adhana ya adhuhuri ikitokea simuni. Akatazama saa ya ukutani, akangoja. Adhana ya msikiti wa mtaani kwao ilikuja baada ya dakika 20 hivi. Akamgeukia mamake, akamwuliza: "Mama, saa ya nyanya na saa yetu ni moja. Mbona jua lake limetangulia?"

Mama alikuwa jikoni, mikono yake imejaa unga. Akajibu kama tujibuvyo wengi wetu: "Wacha maswali, kashike vitabu vyako." Sasa anaandika kwamba tangu siku hiyo mtoto hajamwuliza tena jambo lolote lisilokuwa la chakula au nguo, na kwamba kimya hicho kinamuuma kuliko kelele zote alizowahi kuzilalamikia.

Kisha analeta shauri lake. Wazazi wachache wa mtaani, wakiongozwa na mwalimu mmoja mstaafu, wamekubaliana kuwakusanya watoto kila Jumamosi baada ya chuo, kwa muda wa saa mbili, wajifunze sayansi kwa kuitenda kwa mikono yao. Baba wa mtoto haoni faida yake. Kwa rai yake, muda huo na fedha hizo ni haki ya masomo ya ziada ya kujitayarisha kwa mitihani. "Nifuate lipi?" anauliza mama.

Dada yangu, kabla ya kujibu swali lako, niruhusu nilijibu la mwanao, maana yeye ndiye aliyetangulia kuuliza.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani uzi mmoja kwa kila dakika 4. Mombasa iko mashariki ya Kisumu kwa takriban nyuzi 5. Kwa hivyo jua hufika juu ya Mombasa kwanza, na huchukua karibu dakika 20 kufika juu ya Kisumu. Saa za ukutani ni mapatano ya serikali ili nchi nzima iende pamoja, lakini adhuhuri hufuata jua, nalo halina mapatano na mtu. Mwanao hakukosea hata kidogo, na alichokisikia katika simu ile ni mzunguko wa dunia.

Hayo nimeyaeleza kwa mistari michache, na mtoto akiyasoma huenda akayasadiki kwa sababu mtu mzima ameyaandika. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kuambiwa na kujua. Apewe kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita moja. Akisimamishe mahali tambarare penye jua, akihakikishe kwa timazi ya uzi na jiwe, kisha kuanzia saa sita kasorobo hadi saa saba na robo aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha wakati jua lilipofika kileleni. Siku hiyo hiyo binamu yake wa Mombasa afanye vivyo hivyo, kisha wapigiane simu walinganishe.

Mara ya kwanza hawatapata dakika 20. Pengine watapata 10, pengine 30. Mmoja kijiti chake kitakuwa kimeinama, mwingine atakuwa amechelewa kuweka alama. Na hapo hasa ndipo somo linapoanza: kutafuta kosa liko wapi, kulirekebisha, na kurudia. Katika masomo ya ziada mtoto aliyekosea hupewa alama ya mkato mwekundu na safari huishia hapo. Mbele ya kijiti, kosa ni mlango wa kuingilia.

Mazoezi ya namna hii yana historia ndefu miongoni mwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karne ya 10, alichunguza nuru kwa kuiingiza katika chumba cha giza kupitia tundu dogo, na katika Kitab al-Manazir alisisitiza kuwa madai yapimwe kwa majaribio. Mtoto wa Kisumu aweza kuyaona hayo kwa boksi la viatu, sindano na karatasi iliyopakwa mafuta: mti ulio nje utatokea ndani ya boksi, kichwa chini miguu juu. Manahodha wa Pwani yetu nao hawakuijua kusi na kaskazi kwa kukariri, wala kina cha maji kwa kukisia. Waliteremsha bildi na kupima.

Lipo na jaribio jingine litakaloifurahisha nyumba nzima. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, jua huwa juu kabisa ya Makka. Dakika hiyo kila kijiti kilichosimama wima penye jua hutupa kivuli upande ulio kinyume na Kaaba. Pale Kisumu kijiti cha mita moja kitatupa kivuli cha kama sentimita 40 kuelekea kusini, kikipinda kidogo magharibi. Mtoto akigeuka akakipa kivuli kisogo, amekielekea kibla, na amekipata mwenyewe pasina dira wala simu.

Na jikoni kwako je? Wewe uliyelelewa Mombasa bila shaka umeona kuwa maharagwe ya Kisumu hukawia kuiva, ukadhani ni taksiri ya jiko au ya muuzaji. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huko juu uzito wa hewa ni mdogo, na maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi za Selsiasi badala ya 100. Maji yanayotokota sufuriani mwako ni ya moto pungufu kuliko ya mamako. Ukiwa na kipimajoto kifaacho, na mtu mzima akiwa kando, mtoto aweza kukuthibitishia hayo, na pengine ndipo utakapokubali kuwa swali la mtoto lina mahali pake jikoni.

Wenzetu wa Tanzania wana kisa ambacho kila mzazi yafaa akijue. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Alitia maziwa yake katika friza yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamfanyia mzaha. Hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza tena mgeni aliyekuja shuleni, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Watoto wakacheka tena, lakini Osborne alirudi kazini kwake akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jambo hilo likaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya sababu yake, na wengine juu ya kutokea kwake. Mimi nalitazama kwa upande wa malezi: mtoto yule alihitaji mtu mzima mmoja tu wa kusema, "Sijui, ngoja tujaribu."

Sasa nije kwa baba wa mtoto, ambaye hofu yake naiheshimu. Mitihani ni kweli, na karo ni kweli. Walakini mtihani aliousoma yeye siye atakaoufanya mwanawe. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa sasa unataka mtoto aonyeshe umilisi, yaani uwezo wa kutenda, si wa kukumbuka pekee. Tena hapo hapo Kisumu pana mfano. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Kisumu Girls walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa waombe msaada. Iliwafikisha California katika mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 kundi lao lilikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Walianza kwa kuitazama dhiki ya wenzao na kujiuliza, mikono yetu yaweza kufanya nini?

Hata hivyo sitaki kuwapamba watu nisiowajua. Si kila darasa lenye jina la sayansi lina sayansi ndani yake. Kabla ya kumpeleka mwanao, nenda ukakae nyuma Jumamosi moja, utazame. Je, watoto wanashika vifaa, au wanamtazama mwalimu akivishika? Wasichana nao wanashika, au wamepewa kazi ya kuandika ilhali wavulana ndio wanaopima? Mtoto akikosea, anachekwa au anaulizwa ameonaje? Na ada yake ni ya nini, ikiwa vijiti, nyuzi, chupa na maboksi hupatikana bure? Darasa linalomfungia mlango mtoto wa jirani kwa sababu ya fedha litakuwa limewafunza wote somo baya.

Jambo jingine ni usalama, hasa kwa mji ulio ufukweni. Ziwa ni darasa kubwa, lakini lina kichocho, ugonjwa unaopita kwa konokono wa maji na kuingia mwilini kupitia ngozi. Mtoto asiingie majini, hata kwa miguu, kwa ajili ya somo. Maji yatekwe na mtu mzima kwa ndoo, na mikono ivikwe mifuko au glavu. Waweza kwenda naye Dunga akatazama mafunjo na ndege, au akateremsha sahani nyeupe kwa kamba yenye mafundo kutoka gatini, mtu mzima akiwa amemshika, aone inapotelea kwenye kina gani. Hivyo ndivyo wataalamu hupima weupe wa maji. Aulize kwa nini Ghuba ya Winam ina tope kuliko ziwa la ndani. Aulizie na gugumaji lililoziba fukwe miaka ya 1990, na wale fukusi wa Amerika ya Kusini walioletwa walile. Siku ya mvua mpeleke Makumbusho ya Kisumu akawaone samaki wa ziwa wakiwa hai. Na nyumbani, kopo la maji yaliyotuama litamwonyesha viluwiluwi vya mbu; wiki hiyo hiyo yeye mwenyewe atazunguka uani akimwaga kila kopo, pasina kuhimizwa. Katika mji wenye malaria, hilo peke yake ni faida tosha.

Basi rai yangu ni hii. Ikiwa mwanao ni dhaifu katika kusoma au hesabu, masomo ya ziada yana nafasi yake, na yapewe siku yake. Chuo kisiguswe. Mtoto apate pia saa za kucheza na kulala, maana naye ni mtu. Lakini saa mbili za Jumamosi, mpeni hizo za mikono kwa muhula mmoja, nyote wawili mkiwa radhi, kisha mkae mpime. Kipimo chenu kisiwe alama. Kiwe maswali mangapi amerudi nayo nyumbani.

Na kabla ya Jumamosi kufika, lipo jambo moja lisilohitaji darasa wala ada, nalo ni lako wewe, dada yangu. Mwite mwanao, umketishe karibu, umwambie: "Lile swali la adhana lilikuwa swali zuri. Mimi sikuwa na jibu lake, na niliona haya kusema hivyo. Chukua kijiti, twende uani tukalitafute pamoja." Usidhani heshima yako itapungua mbele yake. Mtoto aliyenyamaza hungoja kuona kama mlango umefungwa kweli, na anayeweza kuufungua ni yule aliyeufunga.

Mkishapima, niandikie tena. Nataka kujua mlipata dakika ngapi.

Wabillahi tawfiq.